Mbwa Mpya Uani

Miaka miwili kabla ya kutia mguu Ujiji, mji wa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, kwa mara ya kwanza, David Livingstone alikuwa akisafiri na mbwa mdogo wa aina ya poodle aliyeitwa Chitane. Kazi yake Chitane alijipa mwenyewe. Msafara ukiwa njiani alikimbia mbele kumwona anayeongoza, kisha akarudi nyuma hadi kwa mtu wa mwisho na kumbwekea aongeze mwendo. Wakishapiga kambi, aliwafukuza mbwa wa kijijini waliosogelea kibanda cha bwana wake kudokoa chakula, na yeye mwenyewe hakuiba. Tarehe 15 Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, msafara ulivuka kinamasi cha Chimbwe, upana wake zaidi ya kilomita moja na nusu, maji yakiwafika watu kiunoni. Kila mtu alishughulika asianguke na hakuna aliyekumbuka kumbeba mbwa. Aliogelea mpaka akazama.

Livingstone alifika Ujiji Machi 1869. Henry Morton Stanley, aliyemkuta hapo mwaka 1871, naye alikuwa ameondoka pwani na mbwa mlinzi aliyetoka Bombay, jina lake Omar. Omar alikufa njiani kwa ugonjwa wa tumbo kabla msafara haujaingia Ugogo, mahali ambapo Stanley alitarajia kumhitaji zaidi.

Visa hivi viwili vinamhusu kila mtu wa Kigoma anayefikiria kuongeza mbwa nyumbani. Mbwa huja na tabia zake, hufanya na kazi ambazo hakuna aliyemtuma, na mara nyingi hupotea kwa sababu ndogo ambayo watu wake wangeweza kuizuia.

Sababu ya kumleta karibu siku zote ni ulinzi. Kibirizi na Katonga kuna dagaa walioanikwa, nyavu na injini za boti. Gungu na Mwanga kuna nyumba mpya ambazo ukuta wake bado haujafungwa. Katika vijiji vya milimani kando ya ziwa kuna mihogo na mahindi ambayo nyani hawayaachi. Mtu anataka sauti ya kumwamsha usiku, basi. Kinachofuata hakikuwa kwenye hesabu: mvuvi anarudi alfajiri na mbwa amekwishamjua kwa hatua zake akiwa bado mbali, anakuja mbio mpaka miguu ya nyuma inampita; mtoto aliyekuwa haongei sana anakutwa nyuma ya jiko akimsimulia mbwa habari za shule. Wengi waliotaka mlinzi wamejikuta na rafiki, na wanalisema jambo hilo kwa mshangao.

Mwanamke aliyeufanya mwambao huu ujulikane ulimwenguni angewaelewa vizuri. Jane Goodall alishuka kwenye ufuko wa Gombe, kama kilomita 16 kaskazini mwa mji wa Kigoma, tarehe 14 Julai 1960, akiwa na mama yake. Watu humkumbuka kwa sokwe. Yeye mwenyewe, hadi alipofariki tarehe 1 Oktoba 2025 akiwa na umri wa miaka 91, hakuchoka kusimulia habari za Rusty, mbwa mweusi wa ujana wake huko Bournemouth, Uingereza. Rusty hakuwa hata mbwa wao. Alikuwa wa hoteli ya jirani, ila kila siku alikuja kwao na kushinda na binti huyo. Wasomi wa Cambridge walipomwambia Goodall kwamba ni kosa kuwapa sokwe majina na kudai kwamba kila mmoja ana tabia, akili na hisia zake, hakutetereka, kwa sababu Rusty alikuwa amekwishamfundisha ukweli huo.

Anayekwenda kuchagua mtoto wa mbwa na aende na somo hilo. Katika uzao mmoja yupo anayewakanyaga wenzake ili awahi ziwa la mama yao, yupo anayejibanza ukutani, na yupo anayekuja taratibu kunusa kiatu cha mgeni. Akae nao nusu saa, apige kofi moja, aangalie. Wote watashtuka. Anayeshtuka kisha akarudi kuangalia kulikoni ndiye anayefaa kwa nyumba yenye watoto, na ndiye anayefaa pia kwa ulinzi, kwa sababu mbwa mwoga humbwekea kila mpita njia mpaka watu wa nyumbani wanaacha kumsikiliza.

Umri nao una uzito wake. Mtoto wa mbwa hastahili kutenganishwa na mama yake kabla ya wiki nane. Watafiti wa Marekani John Paul Scott na John Fuller, katika kitabu walichokitoa mwaka 1965 baada ya miaka mingi ya kuchunguza mbwa huko Bar Harbor, walionyesha kwamba kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili ndipo mbwa hujifunza nani ni mwenzake na nani ni hatari. Wenzake na mama yake humfundisha asing'ate kwa nguvu. Watu, wakiwemo watoto, wazee wa mikongojo, madereva wa bodaboda na wachuuzi, humfundisha kwamba binadamu si adui. Wapo wanaoamini kwamba mbwa akifungwa mnyororo tangu mdogo, asione watu, atakuwa mkali anayefaa. Hilo ni kosa kubwa. Anachokuwa ni mbwa mwenye hofu, na mbwa mwenye hofu humng'ata mtoto wa nyumba ile ile kabla hajamng'ata mwizi.

Kuhusu aina, mbwa wa kienyeji anastahili sifa kuliko anazopewa. Manyoya yake mafupi yanalivumilia joto la kando ya ziwa, hali chakula kingi, na wazazi wake wamekwisha kuishi na kupe wa hapa. Mbwa wa manyoya mazito anayeagizwa Dar es Salaam anasafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli au barabara, anahitaji kibali cha daktari wa mifugo na cheti cha chanjo, na akifika anahema mchana kutwa chini ya mwembe. Mwenye uwezo wa kumtunza amlete. Asiye na uwezo huo asijione amekosa kitu.

Nyumba yenye mbwa tayari ina mwenyewe, na hapa ndipo familia nyingi hukosea. Mgeni huletwa jioni, hushushwa katikati ya ua, watu husimama pembeni kutazama. Kwa mbwa wa zamani, huo ni uvamizi. Ua ni milki yake. Kila kona ameiwekea alama kwa mkojo wake. Afadhali wakutane nje, kwenye uwanja ambao si wa yeyote, kila mmoja akishikwa kamba na mtu wake, watembezwe sambamba wakiwa wameachana hatua kadhaa, bila kulazimishwa kutazamana uso kwa uso. Wakishatulia wasogezwe na kuachwa wanusane. Kamba ilegee. Mbwa akihisi imekazwa hudhani aliyemshika ameona hatari, naye hujiandaa kupigana. Mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo asitembezwe panapopita mbwa wasiojulikana. Abebwe, na wakutane kwenye ua wa jirani asiyefuga mbwa.

Anayetazama kwa makini ataona mambo yanakoelekea kabla hayajaharibika. Mwili uliokakamaa, manyoya ya mgongoni yaliyosimama, mkia ulionyooka juu bila kutikisika na jicho lisilobanduka ni dalili za ugomvi, na hapo watenganishwe kwa utulivu, bila kelele. Kifua kikishuka chini hadi viwiko viguse ardhi huku makalio yakibaki juu, huo ni mwaliko wa mchezo. Mngurumo mfupi wa mkubwa kumwonya mdogo aliyemrukia kichwani ni malezi, na hauhitaji fimbo. Mbwa anayepigwa kila anapong'uruma hujifunza kuuma bila kutoa onyo.

Chakula kitengwe: sufuria mbili, kona mbili, na mkubwa apewe kwanza. Ugomvi mwingi wa mbwa wa nyumba moja huanzia kwenye mfupa mmoja. Wengine huzoeana ndani ya siku chache, wengine huchukua miezi, na familia isiwe na haraka ya kuwaacha peke yao.

Usiku wa kwanza mtoto wa mbwa atalia. Hajawahi kulala bila joto la wenzake. Kipande cha gunia au kanga kuukuu iliyolaliwa na mama yake, kikiwekwa ndani ya boksi mahali pasipo upepo wa ziwa, hupunguza kilio hicho. Kumpiga hakusaidii kitu.

Majirani nao wana haki yao, na Ujiji jambo hili ni zito. Ni mji wa Waislamu wa siku nyingi, na fiqhi iliyoenea Afrika Mashariki ni ya madhehebu ya Shafi. Kwa madhehebu hayo mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi. Lakini fiqhi hiyo hiyo inaruhusu kufuga mbwa wa kulinda, wa kuchungia mifugo na wa kuwinda. Surat Al-Maida imehalalisha windo lililokamatwa na wanyama waliofundishwa kuwinda, na katika Surat Al-Kahf vijana waliolala pangoni wana mbwa wao pamoja nao. Kwa hiyo jirani Mwislamu anayemtazama mbwa mpya kwa wasiwasi mara nyingi hana chuki na mnyama. Anawaza kanzu yake na swala yake. Mbwa mkavu akimgusa mtu mkavu hakuna najisi inayohama. Tatizo ni mate, na mbwa aliyetoka kulowa kwenye maji.

Mwenye mbwa mwungwana huyafikiria haya kabla ya kuambiwa. Humfunga kabla ya alfajiri, watu wanapoanza kwenda msikitini. Humfundisha kutoruka juu ya wageni. Hajengi banda la mbwa kwenye ukuta wa dirisha la jirani, wala hamwachi azurure sokoni penye samaki wa watu. Bibi wa nyumba ya pili akipita huuliza kwa sauti, "Hodi jirani! Mbwa kafungwa?" Jibu linalotunza ujirani ni, "Kafungwa, bibi, pita tu," na liwe kweli. Kumfunga saa zote, hata hivyo, ni kumtesa, na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza ukatili kwa wanyama. Wengi humfunga mchana kivulini penye maji na kumfungulia usiku ndani ya ua. Ua ukiwa na uzio, hata wa miti, mnyororo hauhitajiki.

Chakula cha mbwa wa Kigoma hufuata mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wengi hupumzika, dagaa hupanda bei, na sufuria ya mbwa hubaki na ugali mtupu. Mwaka 2024, serikali ilipofunga shughuli za uvuvi upande wa Tanzania wa ziwa kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane, shida hiyo iligusa vyungu vya watu kwanza na vya mbwa baadaye. Anayepanga vizuri huweka akiba ya dagaa wakavu. Wapepetwe na kuoshwa, kwa sababu walioanikwa chini huja na mchanga. Samaki waliokolezwa chumvi walowekwe na maji yamwagwe kabla ya kupikwa, kwani chumvi nyingi ni sumu kwa mbwa. Vichwa vya migebuka vichemshwe na miiba ichambuliwe. Kitunguu kisitiwe kabisa, huharibu damu yake. Mtoto wa mbwa hula mara tatu au nne kwa siku, mkubwa mara mbili, na maji safi yasikauke kwenye bakuli.

Yote haya ni madogo mbele ya kichaa cha mbwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote Asia na Afrika, na karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Kwa Tanzania, watafiti wamekadiria vifo kama 1,500 kwa mwaka. Watoto ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa ndio wanaocheza na mbwa na ndio wanaoficha jeraha wakiogopa kugombezwa. Virusi husafiri polepole kupitia mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo, na huchukua wiki kadhaa au miezi. Dalili zikishaonekana, mgonjwa karibu haponi kamwe. Muda kati ya kung'atwa na dalili ndio pekee wa kumwokoa. Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, bila kupakwa majivu wala mafuta ya taa, kisha mtu aende hospitali siku hiyo hiyo kuanza mlolongo wa sindano na kuumaliza. Mtu wa kwanza kukingwa kwa njia hii baada ya kung'atwa na mbwa mwenye kichaa na habari zake zikaenea duniani alikuwa mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyechanjwa na timu ya Louis Pasteur huko Paris Julai 1885. Kila mwaka tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Pasteur, huadhimishwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Kinga halisi imo kwenye mbwa. Wakichanjwa mbwa 7 katika kila 10, ugonjwa hukosa pa kupitia. Pemba ni ushahidi. Kampeni za chanjo zilizoanza mwaka 2010 ziliumaliza ugonjwa kisiwani kufikia 2014; chanjo zilipolegea ukarudi mwaka 2016, kampeni zikaanza upya, na ukatokomezwa tena. Kwa vijiji vya mwambao wa Tanganyika vinavyofikiwa kwa boti, ambako friji ni adimu, utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa mwaka 2016 ulileta habari njema: aina moja ya chanjo ya kichaa cha mbwa ilibaki na nguvu hata baada ya kukaa miezi sita kwenye nyuzi joto 25, au miezi mitatu kwenye nyuzi joto 30.

Kwa hiyo siku mbwa mpya anapoingia, safari ya kwanza iwe kwa daktari wa mifugo wa manispaa au mtaalamu wa mifugo wa kata. Dawa ya minyoo huanza mapema, mtoto akiwa na wiki mbili tu, na kurudiwa. Chanjo ya parvo na distempa huanza kwenye wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi afikishe wiki 16. Ya kichaa hutolewa akiwa na miezi mitatu, kisha hurudiwa kwa tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Parvo ni katili kwa watoto wa mbwa: kuharisha damu, kutapika, kifo ndani ya siku chache. Virusi vyake hukaa ardhini miezi mingi, hivyo nyumba iliyofiwa na mbwa kwa ugonjwa huo isilete mwingine ambaye hajakamilisha chanjo.

Mkoa wa Kigoma una jambo lake jingine. Ni mkoa wenye historia ndefu ya malale, na mbung'o wanaoeneza ugonjwa huo wanaeneza pia nagana, ugonjwa wa wanyama. Mbwa anayefuatana na bwana wake porini akirudi na homa, akakonda, uso ukavimba na jicho likafunikwa na utando wa samawati, asingojewe apone mwenyewe. Bila dawa atakufa.

Magonjwa ya mbwa hayaishii uani. Mwaka 1994 distempa iliyotokana na mbwa wa vijijini iliingia Serengeti na kuua simba wapatao 1,000, yaani theluthi ya simba wa eneo hilo. Gombe ni hifadhi ndogo iliyobanwa kati ya ziwa na vijiji, Mwamgongo upande mmoja na Mtanga upande mwingine. Mifugo na mbwa hawaruhusiwi kuingia hifadhini, na kichaa cha mbwa humpata mnyama yeyote anyonyeshaye, sokwe akiwemo. Mfugaji wa Mtanga anayempeleka mbwa wake kuchanjwa anawakinga watoto wake na sokwe kwa sindano hiyo hiyo.

Mbwa anayetunzwa anaweza kuishi miaka 12 au 13. Anayeletwa mtoto wa nyumba anapoanza darasa la kwanza huenda akawa bado yupo mlangoni mtoto huyo anapomaliza kidato cha sita. Kwa hiyo kabla hajaletwa, wenye nyumba wakubaliane ni nani atamlisha baba akiwa ziwani, na nani atatoa pesa ya chanjo mwakani.

Wakubaliane pia juu ya uzazi. Jike hupata joto lake la kwanza akiwa na miezi sita au zaidi kidogo, na kwa majuma mawili au matatu madume ya mtaa mzima hukesha kwenye uzio. Akipandwa, huzaa baada ya siku kama 63, na watoto watano au sita si ajabu. Mara nyingi hakuna aliyewaandalia pa kwenda, na wengi huishia kutupwa karibu na soko au mwaloni, ambako hukua bila chanjo na kuja kuwang'ata watoto wa watu. Daktari wa mifugo anaweza kumfunga jike kizazi na kumhasi dume. Ni upasuaji unaofanywa mara moja tu, na wa kuulizia bei yake ni siku ile ile mbwa anapopelekwa kwa chanjo ya kwanza.